Mlima Upimwe kwa Siku za Likizo

Likizo ya askari ni mali adimu. Hungojewa kwa miezi mingi, yaweza kukatwa ghafla kazi inapodai, na aghalabu huishia katika kuezeka upya nyumba ya wazee kijijini na kulipa karo za watoto. Kwa hiyo si ajabu kwamba mume na mke wa kambini, au afisa wa polisi na nduguye, wakubalianapo mwishowe kwenda kuuona mlima, hutaka mlima mkubwa kuliko yote, tena hutaka kuumaliza katika siku chache walizopewa. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Haianzii kwenye barafu wala ukingoni mwa jabali, bali nyumbani, mezani, mbele ya kalenda.

Swali la kwanza lisiwe, "Twende mlima gani?" Liwe, "Tunazo siku ngapi?" Chukueni siku za ruhusa, mtoe siku ya kwenda, siku ya kurudi, siku moja ya kufua na kupumzika kabla ya kuripoti kazini, na siku moja ya akiba isiyopangiwa shughuli yoyote. Mwenye ruhusa ya siku kumi atajikuta anazo sita za kutembea. Safari ya kawaida ya kufika Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, huchukua siku saba kwa njia ya zamani ya Nyakalengija. Basi mwenye siku kumi hana siku za Margherita, na heri alijue hilo angali Kampala.

Huenda afande akacheka. Atasema kwamba amezoea kutembea usiku kucha akiwa na mzigo mgongoni, na kwamba njia ya raia ya siku saba yeye ataimaliza kwa nne. Miguu yake pengine itaweza. Damu yake haitaweza. Jiji letu limekaa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwili wa mkazi wake umezoea hewa ya hapo. Kwenye mita 5,000 kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani, na mwili huhitaji siku kadhaa ili ujirekebishe. Mazoezi ya gwaride hayafupishi siku hizo. Kijana mwenye nguvu kuliko wote kikosini mara nyingi ndiye huugua kwanza, kwa sababu ndiye anayekimbia mbele na ndiye anayeona haya kusema kwamba kichwa kinamuuma.

Maradhi hayo ya mwinuko yaweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka zimwishe. Akianza kuyumba kama mlevi, akisema maneno yasiyoeleweka, akihema hali amekaa kitako, au akikohoa mate yenye povu, basi ateremshwe saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, wala asiachwe ateremke peke yake. Kipimo chake ni chepesi: mwambieni atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, safari yake ya kwenda juu imekwisha.

Kanuni inayofuatwa na wapanda milima duniani kote ni kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala usiku wa leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kutulia. Ndiyo maana wageni waendao kuutazama mlima Everest kule Nepal hulala kwanza siku mbili Namche, kwenye mita 3,440 hivi, ingawa miguu yao ingali na nguvu. Ndiyo maana pia njia ya Marangu ya Kilimanjaro, ambayo wengi huipanda na kuishuka kwa siku tano, ni salama zaidi kwa sita, ile ya ziada ikitumiwa Horombo, kwenye mita 3,720. Siku moja hiyo ina thamani kuliko koti la bei ghali.

Historia ya Afrika Mashariki inayo mifano miwili ya wanajeshi mlimani ambayo yafaa kusimuliwa. Wa kwanza wajulikana sana: usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda wa jeshi la Tanganyika aliuwasha mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Wa pili haujulikani sana kwetu. Mwaka 1943 Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki, alitoroka pamoja na wenzake wawili ili tu wakaupande Mlima Kenya waliokuwa wakiutazama kila siku juu ya seng'enge. Walijitayarisha kwa miezi. Waliweka akiba ya chakula kidogo kidogo, wakatengeneza vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na mabaki ya chuma, na kwa kuwa ramani hawakuwa nayo, waliitazama picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Mmoja wao akaugua na kubaki hemani. Wawili wakajaribu kilele kikuu, Batian, wakarudishwa na theluji. Hawakung'ang'ania. Wakapanda Lenana, kilele kilicho chini zaidi, chenye mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wakateremka na njaa yao wakajirudisha wenyewe kambini, ambako waliwekwa kifungoni. Sisi hatumshauri mtu kutoroka kambi yoyote. Tunachokisifu ni uamuzi wa wawili wale chini ya Batian: watu waliohatarisha kila kitu kwa ajili ya mlima mmoja walijua wakati wa kuuacha.

Uamuzi wa namna hiyo hauna budi kukubaliwa kabla ya kuondoka. Semeni wazi: tusipofika mahali fulani kabla ya saa fulani, tutarudi, mmoja wetu akiugua, wote tunasimama. Tena cheo kibaki getini. Huko juu kamanda ni kiongozi wa njia, hata kama ni kijana wa Kikonzo asiye na nyota begani na mteja wake ni kanali. Yeye ameyaona mawingu hayo mara mia.

Tuitazame sasa Rwenzori yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotamaniwa kuliko yote. Ni ya tatu kwa urefu barani Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, lakini tofauti na hiyo miwili haikuzaliwa na volkano. Ni mwamba mkubwa wa ardhi uliosukumwa juu. Wa kwanza kufika Margherita alikuwa Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia, mwezi Juni, 1906, naye alikipa kilele hicho jina la malkia wa nchi yake. Wapagazi ndio waliobeba mizigo yake, nao mpaka leo ndio wanaobeba ya kila mgeni. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Barafu aliyoiona Mwitaliano yule imepungua mno, na yaendelea kupungua. Mwenye nia ya kuwaonyesha wanawe theluji ya Uganda asingoje wajukuu.

Kutoka Nyakalengija siku ya kwanza huishia Nyabitaba, kwenye mita 2,650 hivi. Siku ya pili hufika banda la John Matte, takriban mita 3,400. Ya tatu hupita katika kinamasi cha Bigo hadi Bujuku, karibu mita 4,000, na ya nne hupanda hadi Elena, zaidi ya mita 4,500, ambako watu hulala saa chache tu kabla ya kuondoka alfajiri kwenda kileleni. Kisha ni kuteremka kupitia maziwa ya Kitandara hadi kurudi chini. Msomaji aliyeishika kanuni ya mita 500 ataona kwamba hatua hizo tayari ni ndefu kidogo. Basi asidanganywe na yeyote anayemwahidi kuzifupisha. Ipo pia njia ya kusini itokayo Kilembe, mji wa machimbo ya zamani ya shaba, nayo huhitaji siku saba hadi nane.

Rwenzori ni mlima wa maji kabla ya kuwa mlima wa barafu. Mvua hunyesha hata katika miezi iitwayo ya ukame, yaani mwishoni mwa Desemba hadi Februari, na katikati ya Juni hadi Agosti. Nje ya miezi hiyo haifai kabisa. Mto Nyamwamba ulifurika Kilembe mwezi Mei, 2013, na tena Mei, 2020, na ukaharibu vibaya. Kuhusu usalama, wasomaji wetu wengi hawahitaji kukumbushwa kwa nini hifadhi hiyo ilifungwa mwaka 1997 hadi 2001. Ulizeni hali ilivyo kwa Mamlaka ya Wanyamapori juma lile lile la safari, msitegemee habari za mwaka jana.

Na wenye siku nne au tano wafanyeje? Hao hawakunyimwa. Katika Rwenzori hiyo hiyo upo mzunguko wa siku tatu wa ziwa Mahoma, ambao haupandi sana kupita mita 3,000, na humwonyesha mtu msitu, mianzi na mimea mikubwa ya ajabu bila kumdai damu yake. Upande wa mashariki upo Elgon. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, na kutoka Budadiri watu hukifikia na kurudi kwa siku nne hivi. Ni volkano ya kale iliyobomoka kileleni ikaacha bonde la duara lenye upana wa kilomita nane hivi, na mtu anayesimama ukingoni kwake asubuhi hupata alichokifuata. Wenye watoto waishie Sipi, Kapchorwa, penye maporomoko matatu, lile kubwa likiwa na karibu mita 100, na mashamba ya kahawa pande zote. Lakini wakati wa mvua kubwa miteremko ya Elgon si mahali pa matembezi. Maafa ya Bududa ya Machi, 2010, na yale ya Oktoba, 2018, yalionyesha jinsi udongo ule unavyoweza kuporomoka na kufunika vijiji.

Kisoro yapo mambo mengine. Muhavura, mita 4,127, hupandwa na kushukwa kwa siku moja, na kileleni kuna kiziwa kidogo. Sabinyo, ambao jina lake latokana na neno la meno, una kilele kimoja ambapo mtu husimama mahali Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Kwa kuwa halali juu, mpandaji hupungukiwa na hatari ya mwinuko, ila magoti yake yatalia wakati wa kushuka. Hapo napo habari za mpaka ziulizwe kwanza.

Jangwa ni somo tofauti, ingawa kosa ni lile lile la hesabu mbovu. Uganda haina jangwa hasa. Inayo Karamoja, nchi kavu yenye mlima Moroto wa mita 3,083 na, kaskazini zaidi, bonde la Kidepo ambalo mto wake kwa muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu. Kutoka Kidepo watu hupanda kwa miguu mlima Morungole kwenda kuvitembelea vijiji vya Waik. Mwenye kutaka jangwa la kweli karibu na kwetu ataende Chalbi, kaskazini mwa Kenya, karibu na Marsabit. Na ndugu zetu wazungumzao Kiswahili kule Oman wanayo Jebel Shams, karibu mita 3,000, yenye njia iendayo ukingoni mwa bonde refu hadi kwenye kijiji kilichohamwa. Huko huendwa kati ya Oktoba na Machi. Miezi ya kiangazi si ya kutembea.

Mlimani hupimwa siku, jangwani hupimwa maji. Mtu atembeaye kwenye joto kali ahesabiwe lita nne hadi sita kwa siku, na lita moja ina uzito wa kilo moja. Wawili kwa siku tatu, kwa lita tano kila mmoja, ni kilo 30 za maji peke yake, kabla ya chakula na hema. Hesabu hiyo ndiyo humfanya mtu aelewe kwa nini wenyeji huongozana na ngamia au punda. Tembeeni kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa nne, kisha mtulie kivulini mpaka saa kumi jioni. Maji yakifikia nusu, safari igeuke, hata kama mwendo haujafika nusu. Wala msipige hema ndani ya mto mkavu kwa sababu mchanga wake ni laini. Mvua iliyonyesha mbali, msiyoiona wala kuisikia, yaweza kuujaza usiku.

Tukirudi jikoni, akina mama wenye kupanga chakula wajue jambo moja ambalo limewaharibia wengi safari. Kadiri mtu apandavyo, maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Kwenye mita 4,000 huchemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100 za pwani, na maharagwe yanaweza kukaa motoni jioni nzima yakabaki magumu huku mafuta ya jiko yakiisha. Maharagwe yaliwe siku ya kwanza. Kwa huko juu chukueni odii ya karanga na simsim, mukene uliokaangwa na kusagwa, unga wa uji, chapati, sukari, tangawizi na chai ya kutosha. Mtu mwenye kichefuchefu hukataa posho lakini hunywa uji.

Mavazi hayahitaji utajiri. Katika soko la Owino hupatikana sweta za sufu na makoti ya mvua ya mitumba kwa bei ya kuridhisha kwa mwenye subira ya kuchagua. Jinzi na fulana za pamba ziachwe nyumbani, kwa maana zikilowa haziwezi kukauka na humnyonya mtu joto. Kwa matope ya Rwenzori chukueni viatu virefu vya mpira, vyenye nafasi ya soksi mbili. Kwa mawe ya juu, viatu vya ngozi ambavyo vimekwisha kuvaliwa. Blanketi na nguo kavu zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Tunaongeza neno moja la pembeni: koti na buti za serikali zisiazimwe shemeji. Raia hana ruhusa ya kuvaa sare, na mlima si mahali pa kuanzishia kesi. Watazameni pia wapagazi wenu asubuhi ya kwanza. Asiye na koti la mvua wala blanketi asipandishwe hivyo. Bei aliyokubali isiwe kisingizio.

Kabla ya hayo yote, familia nzima ipite kwa daktari wa kambi. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, asipande milima mirefu. Hata yule anayebeba tu asili yake bila kuugua, na katika Uganda watu hao ni wengi, amuulize daktari, kwa kuwa baadhi yao wamepata maumivu makali ya wengu walipofika juu. Wenye shinikizo la damu na wajawazito waulize vilevile. Mtoto ambaye hajaweza kueleza vizuri ni wapi panapomuuma asilazwe juu ya mita 2,500.

Fedha zitengwe mapema. Wapo waliojiwekea akiba kwa mwaka mzima katika chama cha Wazalendo au cha Exodus, na hiyo ndiyo njia. Kukopa kwa ajili ya matembezi hatukushauri. Atakayelipa ni karo ya muhula ujao. Chukueni vitambulisho vya taifa, maana ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko za wageni wa mbali.

Kisha ipo karatasi. Iandikwe njia mtakayoifuata, jina na simu ya kiongozi, kila usiku mtalala wapi, siku ya kurudi, na saa ambayo, msiposikika, mtu aanze kuuliza. Karatasi hiyo akabidhiwe anayebaki na watoto, si kubandikwa ukutani tu. Simu hupoteza mawasiliano mara mtu aingiapo bondeni, na mama mkwe asiyejua hilo atakesha bure usiku wa kwanza, au, vibaya zaidi, atalala kwa amani usiku ambao alipaswa kupiga simu.

Mnaporudi, laleni usiku mmoja Kasese au Mbale, ndani ya chandarua, kwa kuwa mbu wa bondeni hawajali kwamba mmetoka kwenye theluji. Homa ikimjia mmoja wenu katika majuma mawili au matatu yanayofuata, msiseme ni uchovu wa mlima. Nendeni zahanati mkapimwe malaria, na mumwambie mganga mlikuwa wapi.